Jumba la Auchinleck: Likizo ya Ukoo Katika Nyumba ya Kale ya Scotland

Jumba la Auchinleck liko mashambani Ayrshire, kusini-magharibi mwa Scotland, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa jiji la Glasgow. Lilijengwa kwa mawe ya mchanga na jaji Alexander Boswell, na likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1760. Leo hakuna anayeishi humo mwaka mzima. Hupangishwa lote kwa siku chache chache, kwa kundi la watu wasiozidi 13, na kundi hilo huachiwa nyumba nzima: chumba cha kulia chenye nakshi za plasta, maktaba, vyumba vya kulala na jiko. Hakuna mapokezi wala mhudumu. Hakuna mpishi pia, tofauti na nyumba za kale za Lamu na Shela, ambako anayepanga nyumba nzima kwa kawaida hupata pamoja nayo mpishi na mtu wa kuitunza.

Kundi nililofuatana nalo lilikuwa la ukoo mmoja. Baadhi walitoka London na Leicester, wengine Glasgow, na wazee walikuja kutoka Mombasa kuwaona wajukuu waliozaliwa ughaibuni. Nyumba za mijini Uingereza ni finyu. Sebule ya kawaida haitoshi kuwakalisha watu 13 kwa mlo mmoja, na hoteli huutawanya ukoo katika vyumba vilivyotengana. Jumba kubwa la shambani huwaweka wote chini ya paa moja na kwenye meza moja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kupanga nyumba za namna hii. Sababu ya pili ni nyumba yenyewe, kwa kuwa kodi inayolipwa na makundi kama hayo ndiyo inayoiwezesha isimame.

Majumba ya mashambani ya Uingereza yalijengwa kwa mapato ya ardhi. Mwenye shamba alikusanya kodi kwa wakulima wake, na kwa kodi hiyo akalipa wapishi, watumishi, watunza bustani na mafundi wa paa. Mpango huo ulianza kuyumba katika miaka ya 1870, nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilipoishusha bei ya mazao ya Uingereza. Mwaka 1894 serikali ilianzisha kodi mpya ya mirathi, ikaipandisha mara kwa mara katika miongo iliyofuata, na familia zilizofiwa na baba na mwana katika vita vya 1914 hadi 1918 zikajikuta zinadaiwa mara mbili kwa muda mfupi. Watumishi nao walipata kazi viwandani na maofisini. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majumba mengi yalichukuliwa na jeshi, yakageuzwa kambi na hospitali, na yakarudishwa yakiwa yamechakaa. Majumba zaidi ya 1,000 yalibomolewa katika karne ya 20. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London lilifanya maonyesho maalumu kuhusu maangamizi hayo, na umma ukaona kwa mara ya kwanza ukubwa wa hasara hiyo.

Kabla ya maonyesho hayo, mume na mke, John Smith na Christian Smith, walikwisha kuanza kazi ya kuyaokoa majengo kwa njia yao. Mwaka 1965 waliunda asasi ya hisani iitwayo Landmark Trust. Wazo lao lilikuwa rahisi. Jengo la kale lililo hatarini hununuliwa au kukodishwa kwa muda mrefu, hukarabatiwa kwa fedha za michango, kisha hupangishwa kwa wasafiri, na kodi ya wasafiri hulipia matengenezo ya kila mwaka. Makumbusho huhitaji walinzi, wauza tiketi na wageni wengi wa kupita. Nyumba ndogo au iliyo mbali haiwezi kuyabeba hayo. Nyumba inayolaliwa hupata joto, hewa na macho ya watu wanaogundua mapema bomba linalovuja. Leo asasi hiyo ina majengo karibu 200, yakiwemo minara, vituo vya zamani vya reli, vyumba vya juu ya malango ya ngome na majumba makubwa. Baadhi yako Italia, ikiwemo Villa Saraceno karibu na Vicenza, iliyosanifiwa na Andrea Palladio katika karne ya 16, ambako kundi la watu 16 linaweza kulala.

Auchinleck iliingia katika mpango huo kwa kuchelewa. Familia ya Boswell iliishikilia kwa vizazi vingi, kisha mwaka 1986 ikapita mikononi mwa asasi ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ya Scotland, iliyoanza kuinusuru. Mwaka 1999 ilikabidhiwa kwa Landmark Trust, na wageni wa kwanza wakalala humo mwaka 2001.

Utaratibu wa kupanga haubadiliki sana kati ya nyumba moja na nyingine. Bei hutajwa kwa nyumba nzima, si kwa kichwa. Hupanda wakati wa Krismasi, mwaka mpya na likizo za shule za kiangazi, na hushuka Januari, Februari na siku za katikati ya wiki. Makazi huwa ya mwisho wa wiki, ya siku za katikati ya wiki au ya wiki kamili. Ikiwa nyumba ya watu 13 inatozwa, kwa mfano, pauni 2,600 kwa usiku nne, kila mtu atachanga pauni 200, yaani pauni 50 kwa usiku mmoja. Kundi hilohilo likipungukiwa na watu watano, mchango wa kila mmoja hupanda hadi pauni 325. Kwa hiyo hesabu ya watu ndiyo inayoamua kama safari inawezekana, na anayejitoa dakika za mwisho huwaongezea wenzake mzigo. Ndiyo maana kundi lenye busara hukusanya michango mapema, wala halisubiri ahadi.

Mtu mmoja huweka nafasi kwa jina lake, hulipa arubuni, humaliza deni kabla ya tarehe ya kufika, na yeye ndiye anayewajibika kwa uharibifu wowote. Katika ukoo huo kazi hiyo alipewa shangazi, kwa kuwa ndiye mweka hazina wa michango ya harusi na misiba, na kila mmoja alikuwa na mazoea ya kumpelekea fedha bila kusumbuliwa. Kabla ya kulipa ni vizuri kuichunguza ramani ya vyumba, ambayo hutolewa kwa kila nyumba. Ramani huonyesha vitanda vipi ni vya watu wawili na vipi vya mmoja, bafu ziko orofa gani, na ngazi ziko wapi. Mzee anayepanda ngazi kwa shida hupangiwa chumba kabla ya mwingine yeyote. Wenye watoto wachanga hufuata, kisha wanandoa, na vijana hupata kilichobaki. Mgao huo ukifanyika kwa simu wiki kadhaa kabla, hakuna atakayenung'unika mlangoni akiwa na mizigo mkononi.

Njia ya kufika ni nyepesi. Treni ya kutoka stesheni ya Glasgow Central kuelekea Kilmarnock na Dumfries husimama katika mji mdogo wa Auchinleck, ulio kilomita chache mashariki mwa jumba. Wenye magari huteremka kwa barabara ya M77, hupita kando ya Kilmarnock, na kuishika A76 kupitia Mauchline. Gari ni la lazima kwa angalau baadhi ya kundi, kwani duka haliko karibu na jumba na teksi za kijijini ni chache. Nchi yenyewe ni ya malisho: vilima vya mgongo wa chini, ng'ombe wa maziwa, kuta za mawe zisizo na saruji, na miti mikubwa iliyopandwa na wenye mashamba wa karne ya 18. Kati ya Auchinleck na Ochiltree unasimama mnara wa chuma wenye umbo la herufi A. Ni mabaki ya mgodi wa makaa wa Barony, uliofungwa mwaka 1989. Mnara huo humkumbusha mgeni kuwa eneo hili halikuwa la mabwana wa ardhi peke yao. Maelfu ya watu waliishi kwa kazi ya chini ya ardhi, na mgodi ulipofungwa miji hii ilipoteza riziki yake kuu.

Uso wa jumba umejengwa kwa mizani kamili, upande wa kulia ukilingana na wa kushoto, kwa mtindo ulioiga majengo ya Warumi. Nguzo bapa zimechongwa ukutani, na juu yake kuna pembetatu pana ya mawe iliyojaa nakshi. Chini ya pembetatu hiyo jaji alichonga maneno ya Kilatini kutoka kwa mshairi Horace, aliyemwandikia rafiki mwenye tabia ya kusafiri huku na huko kutafuta utulivu. Maana yake ni kwamba kinachotafutwa mbali kinapatikana papa hapa, hata katika kijiji kisicho na sifa, ikiwa moyo umetulia. Jaji aliyaweka mahali ambapo kila anayekaribia mlango angeyasoma. Mwanawe mkubwa, James, aliyezaliwa mwaka 1740, aliipenda London kuliko mahali pengine popote, na baba na mwana walivutana juu ya jambo hilo maisha yao yote.

Ndani, vyumba vya chini vina dari zilizo juu na madirisha marefu yenye mbao za kufungia usiku. Chumba cha kulia ndicho kilichopambwa kuliko vyote: plasta nyeupe imefinyangwa kuwa majani, maua na mashada yanayopanda ukutani. Nakshi hiyo haikumiminwa kwenye kalibu moja ikarudiwa kote. Anayesogea karibu na kuitazama kwa mwanga wa ubavuni huona kwamba jani moja ni nene na jirani yake ni jembamba, na kwamba ncha nyingine zimepindwa wakati plasta ingali mbichi. Wenzetu wa pwani waliozoea nakshi za zidaka na milango ya Lamu huutambua mkono wa fundi mara moja, ingawa chokaa na mti hufanyiwa kazi kwa zana tofauti.

Nyumba za Landmark Trust hupambwa kwa fanicha za kale zilizo imara, zinazotumika bila woga. Mashuka na taulo hutolewa. Vyombo vya mezani na sufuria za kundi kubwa vipo. Televisheni haipo, na hilo ni uamuzi wa makusudi tangu enzi za waanzilishi. Badala yake kuna rafu ya vitabu vilivyochaguliwa kwa ajili ya nyumba husika, jalada lenye historia na picha za ukarabati, na kitabu cha wageni. Kitabu hicho ni hazina. Wageni waliotangulia huandika ni njia ipi ya msituni iliyo na tope, ni kuni zipi zinazowaka vizuri, na ndege gani wameonekana mtoni. Anayefika jioni ya kwanza akakisoma ataokoa nusu siku ya kutangatanga.

Jiko ndilo kitovu cha likizo ya kundi, na mipango yake huanza kabla ya safari. Nyama halali haipatikani kwa urahisi katika miji midogo ya Ayrshire, kwa hiyo ilinunuliwa Glasgow, katika maduka ya mtaa wa Pollokshields, ikasafirishwa ndani ya sanduku la barafu. Mchele, bizari nzima, nazi za kopo na unga wa mahamri vilitoka Leicester. Maziwa, mayai, mkate na mboga hupatikana Cumnock, mji ulio karibu. Kundi liligawanywa katika zamu: wawili kwa chai ya asubuhi, watatu kwa chakula kikuu, wengine kuosha vyombo. Vijana wa kiume waliingizwa zamu sawa na dada zao, kwa amri ya bibi.

Pilau ya watu 13 huhitaji kama kilo mbili za mchele, na sufuria yake hufunika zaidi ya jicho moja la jiko. Moto wa jiko la umeme hauteremki haraka kama wa mkaa unaopaliliwa. Bibi aliyeisimamia alikaanga vitunguu hadi vikawa hudhurungi iliyokolea, akatia kitunguu saumu na tangawizi, kisha nyama na bizari. Supu ilipochemka akatia mchele, na maji yalipokaribia kukauka akazima jicho moja kabisa, akaifunika sufuria kwa karatasi ya jiko na taulo zito, akaiacha ijipike kwa joto lililobaki. Harufu ya iliki na mdalasini ilipanda ngazi hadi orofa ya juu. Vyombo vilipangwa juu ya meza ndefu ya chumba cha kulia, chini ya mashada ya plasta. Baada ya chakula kuta zilikaguliwa kama hazikurukiwa na mafuta, kwa kuwa plasta ya zamani haioshwi kwa sabuni.

Chumba chenye historia nzito kuliko vyote ni maktaba. Mapema Novemba 1773, James Boswell alimleta nyumbani rafiki yake Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1755. Wawili hao walikuwa wakirejea kutoka safari ndefu ya visiwa vya Hebrides. James aliogopa mkutano huo, kwani baba yake na mgeni wake walipingana katika dini na siasa. Siku kadhaa zilipita kwa amani. Kisha jaji akatoa mkusanyo wake wa sarafu na medali, na sarafu moja ya Oliver Cromwell, aliyeongoza waasi dhidi ya mfalme, ikazua mazungumzo juu ya Mfalme Charles I, aliyekatwa kichwa mwaka 1649. Wazee wawili wakakabiliana kwa sauti kali. James alikuwapo, na alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, lakini kwa heshima ya baba yake hakuchapisha walichoambiana. Habari za safari hiyo alizitoa mwaka 1785, na wasifu wa Johnson ukafuata mwaka 1791. Wasifu huo umebaki kuwa miongoni mwa vitabu maarufu kabisa vya aina yake.

Shajara na barua za James zenyewe zilipita njia ndefu. Wengi walidhani zimeteketea, hadi zilipoibuka katika miaka ya 1920 katika ngome ya Malahide nchini Ireland, kwa wazao wake, na nyingine zikapatikana katika nyumba ya Fettercairn huko Scotland. Hatimaye zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, na shajara yake ya London ilipochapishwa mwaka 1950 ikawa kitabu kilichouzwa sana.

Jina la nyumba hii linahusiana pia na Mwafrika ambaye hakuwahi kuwa mgeni wake. Joseph Knight alizaliwa Afrika, akachukuliwa akiwa mtoto hadi Jamaica, akanunuliwa na John Wedderburn, ambaye mwaka 1769 alimleta Scotland kuwa mtumishi wa nyumbani. Knight alisoma gazetini kuhusu hukumu ya mwaka 1772 iliyomkomboa mtumwa James Somerset mjini London. Aliposhindwa kupata ujira wa kumlea mkewe, Annie Thomson, pamoja na mtoto wao, alikusudia kuondoka, akakamatwa, na shauri likaanza. Lilifika Mahakama Kuu ya Edinburgh, na mwaka 1778 majaji kwa wingi wao waliamua kwamba sheria ya Scotland haiutambui utumwa. Alexander Boswell, kwa cheo chake cha Lord Auchinleck, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono Knight, na hoja yake ilikuwa wazi: rangi ya mtu haimfanyi kuwa mtumwa, naye ni ndugu na binadamu kama wengine.

Samuel Johnson naye alikuwa upande wa Knight. Mwaka 1777 alimtamkia James Boswell hoja ya kumtetea ili aiandike, na James akaichapa katika wasifu wa Johnson, kisha akaongeza kwamba yeye haafikiani nayo. Mwaka wa wasifu huo, 1791, James alitoa shairi la kupinga kufutwa kwa biashara ya watumwa. Kwa hiyo wazee wawili waliogombana juu ya mfalme aliyekufa walikubaliana juu ya mtu aliye hai, na kijana aliyewapenda wote wawili ndiye aliyesimama upande usio wa haki. Johnson alipofariki mwaka 1784 alimwachia sehemu kubwa ya mali yake Francis Barber, mtumishi wake aliyezaliwa utumwani Jamaica. Huku kwetu, hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897, miaka 119 baada ya hukumu ya Knight. Wageni wa Afrika Mashariki wanaoketi katika maktaba hiyo wana haki ya kuwasimulia watoto wao habari hizi kikamilifu, mazuri na mabaya pamoja.

Nje ya jumba, matembezi huteremka msituni hadi kwenye korongo ambako kijito cha Dippol hukutana na mto Lugar. Hapo kuna magofu ya ngome ya kale. Mfalme James IV aliipa familia ya Boswell ardhi hii mwaka 1504, na Thomas Boswell aliyepewa alikufa katika vita vya Flodden mwaka 1513. Baada ya ngome ilijengwa nyumba ya pili, ambayo nayo ni gofu, na jumba la jaji ni la tatu. Johnson aliandika kwamba ngome iliyobomoka ilimpendeza kuliko umaridadi wa nyumba mpya. Kuta za mawe hazina vizuizi vya usalama na kingo za korongo huteleza baada ya mvua, kwa hiyo watoto hushikwa mkono. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 2003, kila mtu nchini Scotland ana haki ya kutembea mashambani mradi afanye hivyo kwa uangalifu, afunge malango, na asiwasumbue mifugo.

Siku ya pili au ya tatu hufaa kwa ziara za karibu. Jumba la Dumfries, lililojengwa kati ya 1754 na 1759 na wasanifu ndugu wa familia ya Adam, liko kilomita chache tu karibu na Cumnock. Mwaka 2007 lilikuwa linakaribia kuuzwa pamoja na fanicha zake zilizotengenezwa na fundi Thomas Chippendale, likaokolewa kwa pauni milioni 45 na muungano ulioongozwa na Mwanamfalme Charles, ambaye sasa ni mfalme. Hilo hutembelewa kwa tiketi na mwongozaji, na kulilinganisha na Auchinleck huonyesha njia mbili za kuhifadhi: nyumba inayotazamwa na nyumba inayokaliwa. Mauchline, alikoishi mshairi Robert Burns, iko njiani kuelekea Kilmarnock, na nyumba iliyoezekwa kwa nyasi alimozaliwa mwaka 1759 iko Alloway, karibu na mji wa Ayr na bahari.

Majira huamua sura ya likizo. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, watoto hucheza uwanjani hadi wakati wa kulala, na sala ya Isha huchelewa mno. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na nusu jioni, na maisha huhamia mbele ya moto. Dari zilizo juu hunywa joto. Nguo nzito, soksi na shuka la ziada kwa wazee ni mahitaji, si anasa. Kibla iko upande wa kusini-mashariki, na maktaba ina nafasi ya kutosha kwa safu za sala ya jamaa. Bila televisheni, jioni zetu zilijazwa na bao, karata, vitendawili na hadithi za wazee. Vijana waliofika wakilalamika kukosa mtandao waliishia kuandika nasaba ya ukoo kwenye karatasi kubwa, bibi akiwatajia majina na kuwasahihisha.

Kuondoka huwa asubuhi, kabla ya saa nne. Majivu huondolewa yakiwa yamepoa, takataka hutenganishwa, vyombo hurudishwa mahali pake, na kilichovunjika huripotiwa kwa mtunza nyumba asiyekaa humo bila kufichwa. Kinacholipwa na kila kundi huingia katika mfuko wa matengenezo: vigae vya paa vilivyopeperushwa na dhoruba za baridi kali, mifereji iliyozibwa na majani, mbao za madirisha zilizooza, na mafundi wa plasta ambao ufundi wao ungetoweka kama pasingekuwa na kazi ya kufanya. Nyumba iliyojengwa kwa kodi za wakulima wa bwana mmoja sasa inatunzwa kwa michango ya watu wa kila asili, wanaokaa kwa zamu. Makundi makubwa yanayotaka sikukuu au likizo za shule huweka nafasi zaidi ya mwaka mmoja kabla. Yanayoweza kusafiri Novemba au Februari hupata nyumba ileile kwa bei nafuu zaidi, na moto uleule wa kuota.